Mtaa Uliohesabiwa Kinyumenyume

Shemeji yangu aliitwa Bwana Namba kabla hajawa shemeji yangu, na jina lenyewe alilipata kwa kazi ya siku moja. Wako watu wanahangaika maisha mazima kutafuta jina mjini na hawalipati. Yeye alihitaji kopo la rangi nyekundu, brashi, na vipande kumi vya bati vilivyotobolewa tarakimu, sifuri mpaka tisa.

Alikuwa tarishi wa manispaa. Kazi yake ilikuwa kufungua madirisha asubuhi, kuwachemshia wakubwa chai, na kupeleka barua kwa baiskeli. Sasa, miaka thelathini na mitano iliyopita, alikuja mtaalamu mmoja wa majumba ya kale, mtu wa kofia pana na daftari, akashinda mtaani kwetu wiki nzima anapima milango. Mtaa wetu ni mfupi. Nyumba kumi na tatu zimepangana upande mmoja, ng'ambo ni ukuta wa ghala. Juu kabisa kuna posta. Chini kabisa, nyumba ya mwisho, ni kwetu.

Yule mtaalamu aliandika nyumba zote kwa mpangilio kuanzia posta: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Kila namba akaiwekea maelezo yake na alama. Nyumba ikipata alama A, basi haiguswi. Haibomolewi, haiongezwi chumba, dirisha lake halipanuliwi hata inchi moja. Kati ya zote kumi na tatu iliyopata A ilikuwa moja tu, namba nne. Akafunga daftari, akaenda zake. Kesho yake tarishi akaambiwa, "Chukua rangi, nenda ukaandike namba kwenye kuta."

Aanzie wapi, hakuna aliyemwambia. Au labda aliambiwa, lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa na nafasi ya mambo mawili tu: sare mpya ya kaki aliyokabidhiwa jana yake, na dada yangu. Walikuwa bado hawajachumbiana, ila walishaanza kusalimiana kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Asubuhi ile sare ilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Jua likipanda ingelowa jasho, na rangi ingeirukia. Mtu mwenye akili zake angeanzia wapi? Alianzia kwetu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimekaa mlangoni nafunga kamba za viatu, nikamwona anakuja na kopo lake kama anakwenda kumpaka rangi rais. Dada yangu akatoka na ufagio, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia. Bwana Namba akabandika bati ukutani, akachovya brashi, akapaka. Alipolibandua lile bati, alilibandua polepole, kama mtu anayefunua shuka la mtoto aliyelala. Moja. Nyekundu, imenyooka, rangi haijachuruzika hata tone.

"Ndiyo nini hiyo?" dada akauliza.

"Nyumba namba moja," akasema. "Serikali imeamua."

Mama yetu alivimba kichwa kuanzia siku hiyo. Namba moja! Kila mwaka tukipaka chokaa, ile namba alikuwa anaizunguka kwa brashi ndogo asiifunike. Na mimi nikiulizwa naishi wapi nilikuwa najibu "namba moja" kwa sauti ya mtu aliyeijenga.

Akapanda mtaa hivyo hivyo, anapaka na kugeuka nyuma, anapaka na kugeuka nyuma, mpaka akafika posta na kumi na tatu yake. Jioni akarudisha kopo, akasifiwa kwa kazi safi. Nyumba iliyopata namba yake halisi ilikuwa moja tu katika mtaa mzima, namba saba ya katikati, ya muuza mkaa, na yeye wala hakushukuru.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nyumba ya nne kutoka posta, ile yenye alama A kwenye daftari, yeye aliiandika kumi. Na nyumba ya nne kutoka kwetu aliiandika nne. Hiyo ya nne kutoka kwetu ilikuwa ya fundi wa kushona, tuliyemwita Mama Cherehani. Nyumba ya chini, ya kawaida, nyumba kama nyumba: kibaraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu ng'ambo ya uwanja wa nyuma.

Ile nyingine ndiyo iliyokuwa nyumba. Ilikuwa na ghorofa. Ilikuwa na roshani ya mbao iliyochongwa matundu matundu hadi jua la saa kumi likipita mle linamwaga maua barabarani. Juu waliishi dada wawili wazee ambao hawakupenda kushuka. Muuza vitunguu akipita walikuwa wanateremsha kikapu kwa kamba, mmoja anateremsha na mwingine anagomba. "Umechagua vidogo! Vipandishe juu nivione!" Vinapanda, vinakataliwa, vinashuka. Muuza vitunguu alikuwa anatoka pale shingo imepinda.

Miaka minane baadaye wale dada wakafariki, mmoja akimfuata mwenzake baada ya mwezi. Warithi wakaomba ruhusa ya kubomoa. Ofisini wakafungua faili wakatafuta namba kumi, kama ilivyoandikwa ukutani. Wakakuta: nyumba ya chini, ya kawaida, haina alama. Ruhusa ikatoka asubuhi ile ile. Barua aliipeleka Bwana Namba, kwa baiskeli.

Ile nyumba ilichukua wiki mbili kushuka. Mtaa mzima tulisimama tukaangalia, na kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake hivi serikali si ilisema kuna nyumba moja haibomolewi, kumbe siyo hii? Siku moja Bwana Namba akatumwa kurudisha faili kabatini. Hakuwa mtu wa kusoma mafaili, lakini mtu akibeba kitu miaka yote ipo siku atakifungua. Akafungua ukurasa wa nne. Ghorofa moja. Roshani ya kuchonga. Ngazi ya mbao, vidato kumi na viwili.

Siku hiyo hakula. Dada yangu, wakati huo wameshaoana na wana mtoto, alimbana mpaka akasema. Kesho yake dada akaja kwangu.

"Nakuambia kitu, usimwambie mtu."

"Na wewe uliambiwa usimwambie mtu?"

"Ndiyo."

"Haya, endelea."

Na mimi, ambaye watu wanajua mdomo wangu hauna breki, nilinyamaza miaka ishirini na saba. Msinisifu. Nyumba yetu ilikuwa namba moja, ningesema ingekuwa ya mwisho.

Basi nyumba ya Mama Cherehani ikawa maarufu bila kufanya lolote. Ikagongelewa kibao. Wanafunzi wanakuja na penseli wanachora kibaraza. Wageni wanapiga picha, wanamwomba mama asogeze kamba ya nguo. Halafu akaletwa msichana mmoja msomi kutoka makumbusho, mpole, mwenye miwani, anapenda nyumba za watu kuliko wenyewe wanavyozipenda. Yeye aliona faili linasema ghorofa na nyumba haina ghorofa, akakaa akachunguza, akaandika kijitabu kizima kwamba ghorofa iliungua zamani. Akaonyesha na alama ukumbini mahali ngazi ilipokuwa imeegemea.

"Hapo palikuwa na kabati langu," Mama Cherehani akamwambia.

"Kabla ya kabati, mama."

"Kabla ya kabati palikuwa na kabati la mama mkwe."

Binti akaandika hata hilo.

Mama Cherehani aliipenda nyumba yake. Aliingia pale bibi arusi, hakutoka. Gauni la harusi la dada yangu lilishonwa kwenye kibaraza kile, na siku za kwenda kujaribu gauni zilikuwa nyingi kuliko gauni lilivyotaka, kwa sababu Bwana Namba naye alikuwa na suruali ya kupunguza. Suruali moja ilipunguzwa mara nne. Mama Cherehani alikuwa anawawekea benchi, anageuza kiti chake, anakanyaga cherehani kwa kelele makusudi ili asisikie wanachosema.

Lakini choo kilibaki ng'ambo ya uwanja, kwa sababu nyumba ya A haiongezwi kitu. Aliomba ruhusa ya kujenga bafu ndani, akakataliwa. Akaomba tena akiwa na miaka sitini, wakamwandikia barua nzuri zaidi ya kumkataa. Mwaka huu, ana miaka sabini, mvua za asubuhi zikamkuta uwanjani na mwavuli wake, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Wa kulia. Fundi cherehani. Binti yake akaja, akamwangalia mama yake anavyojaribu kupitisha uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, akaandika maombi mapya. Safari hii hakuomba bafu. Aliomba kubomoa.

Maombi hayo yalikwenda kwa kamati ya mtaa wa kale. Kamati ina watu watano: mwenyekiti mwalimu mstaafu, injinia wa manispaa, yule Binti wa Makumbusho, mwenye hoteli ya pale kona, na mwakilishi wa wakazi. Mwakilishi wa wakazi tulikuwa tumemchagua wenyewe, kwa kelele, mwaka aliostaafu. Tulisema nani anaujua mtaa huu kuliko aliyeupa namba?

Wiki ya kikao alikuja dukani kwangu. Mimi natengeneza pasi na feni. Akakaa, akachukua bisibisi, akaanza kuchezea kucha.

"Nimetoka kwa Mama Cherehani," akasema. "Nilimpelekea suruali."

"Ana mkono mbovu, wewe unampelekea suruali?"

"Sikujua niende na nini."

Akaniambia mama aliipokea, akaiweka mapajani, akaiangalia. Akamwambia, "Namba, hii nilishaipunguza." Kweli, ilikuwa ile ile ya zamani, alikuwa ameitoa chini ya sanduku. Basi wakacheka wote wawili. Halafu mama akasema, "Mwanangu anataka kuivunja. Mimi nitalia, nakwambia mapema usije ukashangaa. Lakini kuipenda nyumba ni kitu kimoja, na kuvuka uwanja na mwavuli usiku na mchana ni kitu kingine. Wewe utasemaje huko kwenye kamati?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilikohoa."

"Shemeji, mwanamke anakuuliza habari ya choo, wewe unakohoa?"

Hakucheka. Dada yangu ana miaka mitano kaburini, na tangu aondoke huyu bwana alikuwa amezoea kupita jioni pale kwenye kibaraza, akae kwenye benchi lile lile kidogo, aende zake. Nilijua. Mtaa mzima ulijua, tulikuwa tunajitia hamnazo.

"Si upige tu kura ya ndiyo unyamaze?" nikamwambia. "Nani atajua?"

"A haibomolewi kwa kura. Sisi tunaweza kusema ndiyo watano wote, ikifika juu wanafungua faili, wanairudisha. Barua hizo nimezibeba miaka thelathini na mitatu, nazijua mpaka harufu. Itaanguka tu ikijulikana kwamba ukurasa wa A si wa nyumba hii." Akaweka bisibisi chini. "Nikinyamaza, mama ataendelea na mwavuli wake mpaka avunjike mguu. Nikisema, nyumba inaondoka na benchi lake. Na ile nyingine nayo, watu watajua iliondokaje."

"Na jina lako."

"Jina lenyewe ni Namba," akasema. "Litabaki, ila watu watakuwa wanacheka."

Kamati ilikaa pale pale kibarazani kwa Mama Cherehani, Jumamosi saa nne asubuhi, wakazi tumesimama barabarani. Injinia akasema nyumba ni nzima, kuta ngumu kama fahali, lakini haimfai mgonjwa, yeye anaruhusu. Mwalimu mstaafu naye akasema ndiyo, maana yeye mwenyewe ana magoti. Mwenye hoteli akakataa. Wageni wake wanakuja kuangalia nini, ghala? Binti wa Makumbusho akasimama na faili kifuani. Akasema tulishaacha mengi yakaenda, hii ndiyo A pekee ya mtaa huu, na yeye anaelewa shida ya mama, wallahi anaelewa, lakini kitu hiki kikishaanguka hakirudi. Wapo waliopiga makofi. Hata mimi mikono iliniwasha.

Wawili kwa wawili. Wote wakamgeukia Bwana Namba.

Akainuka. Nikaona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Binti yangu," akamwambia yule msomi, "fungua ukurasa wa nne utusomee kwa sauti."

Akasoma. Ghorofa moja, roshani ya kuchonga, ngazi ya vidato kumi na viwili.

"Sasa twendeni posta."

Mwenyekiti akauliza posta kuna nini, lakini jamaa alikwisha shuka kibarazani. Tukamfuata wote, Mama Cherehani nyuma, mkono umening'inia kwenye khanga. Alipofika posta akageuka, akaanza kuteremka huku anagusa milango. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu." Akasimama. "Nne."

Nne sasa hivi ni duka la magodoro. Saruji tupu, paa bapa, magodoro yamesimamishwa nje kwenye nailoni. Wale waliokuwa na umri wangu tulitazama juu bila kupenda, pale roshani ilipokuwa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Kikapu."

Binti wa Makumbusho aliangalia faili, akaangalia magodoro, akaangalia faili.

"Nani aliandika namba?"

"Mimi."

"Kwa nini ulianzia chini?"

Bwana Namba akajikaza. "Nilikuwa na sare mpya. Na huko chini, nyumba ya mwisho, kulikuwa na msichana."

Muuza magodoro aliacha kupangusa. Yule binti akavua miwani. "Mzee, unajua mlibomoa nini hapa?"

"Najua. Barua ya kuruhusu niliileta mimi mwenyewe. Mwenye nyumba alinipa na maji ya kunywa."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilimwona shemeji yangu amesimama katikati ya barabara, mikono bado haijapata mahali, nikatamani dada yangu awepo amwambie twende nyumbani.

Aliyetoka mbele ni Mama Cherehani. Alipita katikati ya watu, akamsogelea mpaka vidole vya miguu vikakaribiana.

"Wewe Namba."

"Naam, mama."

"Miaka thelathini na mitano nakwenda chooni na mwavuli. Kwa sababu ulikuwa unataka kuonekana umevaa kaki?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile kaki nilikupunguzia mimi!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa mkono mzima, kisha kicheko kikageuka, machozi yakashuka, na yeye akaendelea kucheka humo humo. Mwenyekiti akaandika kwamba namba za ukutani zilikosewa. Kura ya tano ilikuwa ndiyo. Binti wa Makumbusho hakupinga wala hakukubali. Alikaa kwenye ngazi ya posta, kijitabu chake mapajani, akafungua ile picha ya mahali pa ngazi akaiangalia muda mrefu. Bwana Namba akaenda akakaa karibu naye, si karibu sana. Walichozungumza sikukisikia, na nilijitahidi.

Nyumba ilishuka baada ya miezi miwili. Vigae vilitolewa kwa mkono, kimoja kimoja. Mama Cherehani alikaa kwenye kiti ng'ambo ya barabara, cherehani miguuni pake, na alilia kama alivyoahidi. Mafundi walipofika ukuta wa mbele, mama akapiga kelele, "Hapo! Kata kwanza hapo!" Wakachonga kipande cha lipu, kizima, na ile nne nyekundu katikati. Akaamuru kipelekwe kwa Bwana Namba.

"Chukua mali yako," akamwambia. "Na benchi pia. Ila benchi utakuwa unalileta jioni."

Lipu iko sebuleni kwake, imeegemea ukuta chini ya picha ya dada yangu. Nimemwambia aitundike, anasema ni nzito.

Wiki iliyopita ndiyo wamekuja kuandika namba upya, mtaa wote, kufuata faili. Binti wa Makumbusho ndiye aliyeagiza, na ndiye aliyesema nani apewe brashi. "Safari hii," alimwambia, "mimi natembea nyuma yako." Wakaanzia posta. Yeye anapaka, binti anaangalia faili, anaitikia kwa kichwa, wanasogea. Nne kwenye duka la magodoro. Saba kwa muuza mkaa, ambaye aliuliza kwa nini wanapoteza rangi. Kumi kwenye lango jipya la Mama Cherehani. Nyumba mpya ina bafu ndani, na mama alituita mmoja mmoja tukalione, tukalisifu.

Mimi nilikuwa nawasubiri mlangoni kwetu, nimekunja mikono. Nilikuwa na maneno tayari. Miaka thelathini na mitano tumekuwa namba moja, leo mnatufanya wa mwisho?

Hakunipa nafasi. Alisimama mbele ya ile moja ya zamani, imefifia imekuwa rangi ya tofali, chokaa imeizunguka tabaka juu ya tabaka jinsi mama alivyokuwa anaikwepa, hadi imekaa kama ndani ya kishimo. Nikadhani ataifuta. Binti akasema, "Kumi na tatu, mzee."

"Najua."

Akachagua bati moja tu, la namba tatu. Akalibandika kulia kwa ile moja, karibu karibu, akapima kwa kidole, akapaka, akalibandua polepole.

Binti akasogea na miwani yake. "Rangi hazifanani."

"Jua litaifanyia kazi," akasema Bwana Namba. Halafu akanigeukia mimi. "Umesimama tu? Niletee maji nioshe brashi."